Sampuli ya Baba Mkwe

Ninyi vijana wa maabara mliniomba niandike kabla sijasahau, nikawajibu nitaandika nikipata nafasi. Sasa nafasi ninayo mpaka inanichosha. Naamka saa kumi na moja alfajiri kama zamani, napapasa msumari wa ukutani kutafuta koti jeupe, nakuta kanga. Basi natoka kibarazani hapa Rubwera, nakaa na chai yangu. Ukungu unapanda taratibu kutoka bondeni na kufunika migomba ya jirani, na wale niliowatoboa vidole kwa miaka arobaini wanapita ndani yake mmoja mmoja. Wengine wamekufa siku nyingi. Wote bado wanauliza majibu yao yatatoka lini.

Habari za vyeo na mishahara mtazikuta kwenye faili langu, kama panya hawajalimaliza. Mimi nataka kuwaandikia habari ya choo cha mtu mmoja. Msicheke. Nusu ya kazi yetu ni choo, na nusu iliyobaki ni makohozi.

Nilianza mwaka wa sabini na nane katika hospitali ndogo ya misheni, wakati Kyerwa yote bado inaitwa Karagwe na hapa Rubwera hakuna ofisi wala bodaboda. Nilikuwa binti wa miaka ishirini kutoka Nyabiyonza. Baba yangu alitoka Burundi kuja kuchuma kahawa ya watu, akasema atarudi kwao mavuno yakiisha. Mavuno hayakuisha mpaka tulipomzika.

Aliyenipokea ni Bwana Felisian, mkuu wa maabara na mfanyakazi wake pekee, mtu mwembamba mwenye vidole vya kahawia kwa sababu ya ayodini. Nilidhani atanionyesha hadubini. Akanipa kiberiti. Enzi zile hatukuwa na vikopo. Mgonjwa alileta choo chake ndani ya kiberiti, na asiye na kiberiti alikifunga kwa jani la mgomba, vizuri kabisa, utadhani ni zawadi ya harusi. Nikafungua, nikageuza uso. Bwana Felisian akaniuliza huyu alikula nini jana. Nikasema sijui. Akasema basi funga, nenda nje ukapumue, kisha urudi uniambie. Nilitoka na kurudi mara tatu. Mara ya tatu nikamwambia ni mahindi, naye akasema sasa nimeanza kazi.

Imani yake ilikuwa kwamba minyoo inafanana kila mahali, lakini mwenye choo ni mmoja tu, kwa hiyo mtafute mwenyewe kwanza ndipo uwatafute wadudu. Mimi nilimwona mzee wa mambo mengi. Vitabu vilisema weka tone la maji ya chumvi, weka kioo, tazama. Habari ya nani kala nini haikuwemo.

Umeme wa jenereta ulikuwa wa chumba cha upasuaji peke yake. Hadubini yetu ilikuwa na kioo kidogo chini yake. Unakigeuza dirishani kinalishika jua na kulipandisha mpaka kwenye jicho lako. Asubuhi za ukungu hatukuona kitu. Tulikaa tu, mimi na Bwana Felisian ndani, foleni ya watu nje, slaidi zimepangwa. Halafu ule weupe unaanza kuwa na unjano, kuku wa masista wanatoka, na ndani ya lile duara dogo la hadubini kunapambazuka. Mayai ya minyoo yanang'aa. Nyuzi za mboga zinalala kijani. Mungu anisamehe, palikuwa pazuri mle ndani. Nimehudhuria ibada nyingi maishani ambazo hazikunipa utulivu ule.

Mwaka ule ule vita vikaja, ndege zikapita juu yetu, askari wakalala kwenye veranda ya wodi. Baada ya vita ikaja miaka ya kukosa sabuni. Hayo wengine wameshayaeleza vizuri kuliko mimi.

Nikaolewa na Projestus, mwalimu wa shule ya msingi, mtoto wa wafugaji. Kwao ni kwenye rweya, ile nyika ya majani upande wa kuelekea mto Kagera, mahali migomba inapoishia na mbingu inakuwa kubwa ghafla. Kwa desturi yao bibi harusi hafanyi kazi wala haoni jua. Niliwekwa ndani mwezi mzima, nikamaliza likizo yangu yote humo, nikipakwa samli na kunyweshwa maziwa mpaka nikajisikia naelea. Mwanga uliingia kwa tundu moja la kwenye nyasi za paa, ukatembea sakafuni tangu asubuhi mpaka jioni, nami nikaufuata kwa macho. Sijui nilikuwa macho au nilikuwa nimelala. Nilisikia ng'ombe wakitoka na wakirudi, na sauti ya baba mkwe wangu akiwaita mmoja mmoja kwa majina.

Jina lake mwenyewe sitaliandika. Mkamwana halitamki jina la baba mkwe, na kustaafu hakujaniondolea adabu. Nitamwita Mzee. Nikikutana naye njiani naingia majanini, napiga goti, nasema shikamoo nikitazama ardhi. Sikikalii kigoda chake, sili mbele yake, siingii chumbani kwake. Naye hanitumi moja kwa moja. Akitaka maji anamwambia mkewe, "Mwambie mke wa Projestus," nami nimesimama hatua tatu tu kutoka alipo. Wageni huiona desturi hii ngumu. Mimi niliipenda. Katika miaka kumi hakuwahi kunikemea hata mara moja, maana hakuwa na njia ya kunikemea.

Mwiko mwingine wa nyumba ile ulikuwa maharage. Anayekunywa maziwa hagusi maharage, viwele vya ng'ombe vitadhurika. Mzee hakuyaonja tangu azaliwe. Mama mkwe naye alipaswa kuwa hivyo hivyo, lakini siku moja alikuja kwetu, kwenye nyumba za wafanyakazi karibu na hospitali, kumwona mjukuu. Akanusa chungu changu. Akauliza ni kitu gani. Akala bakuli mbili, akafuta mdomo kwa ncha ya kanga, akanibembeleza, "Hili, waitu, libaki hapa hapa." Tangu siku ile kila wiki alikuwa na hamu kubwa ya mjukuu. Nami sikusema, hata Projestus hakujua.

Katikati ya miaka ya themanini ukaja ule ugonjwa wa kukonda, UKIMWI wa leo, ambao watu wetu waliupa jina la shati la mtindo. Sitaki kuueleza sana. Nilitoboa mikono ya watu niliosoma nao. Bwana Felisian alikuwa amestaafu na kurudi Igurwa kwenye kibanja chake cha migomba, akaniachia funguo na koti lake la zamani. Maabara ikajaa, na katika msongamano ule mzee anayelalamika tumbo alikuwa mtu wa kuambiwa asubiri.

Ndipo akaja daktari mgeni kutoka nchi za baridi, mrefu, mwekundu, aliyependa kuzungumza nami akisubiri majibu. Alikuwa amesoma kwamba huko kwao saratani ya utumbo mpana huua watu wengi zaidi kwenye sehemu zenye jua kidogo kuliko kwenye jua jingi. Wapo waliofikiri sababu ni vitamini D, ambayo ngozi ya mtu hujitengenezea yenyewe ikipigwa na jua. Na huku kwetu, alisema, saratani hiyo ni kama haipo. Basi akawa anamuuliza kila mgonjwa anakaa juani saa ngapi kwa siku. Mkulima alimjibu kwamba yeye anakaa chini ya migomba, na migomba ina kivuli. Mfugaji alimtazama kana kwamba ameulizwa anapumua saa ngapi. Watu wakambatiza Daktari Jua. Habari ya bibi harusi kufichwa ndani nilimpa mimi mwenyewe, akaiandika kwenye daftari lake kwa furaha ya mtoto.

Alinieleza pia kwamba ngozi nyeusi inahitaji jua jingi zaidi kutengeneza kiasi kile kile. Na kwamba huenda jua halihusiki kabisa, huenda ni chakula, au huenda watu wa huku wanakufa na saratani hiyo bila mtu kuwachunguza. Hilo la mwisho nililisikia kwa sikio moja. Nilikuwa nimeshalipenda jua.

Akaomba damu kidogo kwa watu wachache waliokubali, aipeleke kwa rafiki yake huko kwao wapime kiwango cha vitamini hiyo, kwa kuwa sisi hatukuwa na kipimo. Nilizungusha mirija kwa mashine ya mkono mpaka bega likauma, nikatenga maji ya damu, nikayafunga kwa karatasi nyeusi ya kaboni yasipate mwanga, nikayaweka kwenye jokofu la mafuta ya taa. Mzee na Mama mkwe walikuwa miongoni mwa waliotoa. Mzee hakuingia maabara nikiwemo. Alipitisha mkono tu mlangoni, mwili wote ukabaki nje, na muuguzi mwanamume akamtoboa huku mimi nimegeukia ukutani. Ilipaswa kunifundisha kitu.

Mwaka uliofuata Mzee akaanza kuchoka. Alikuwa mtu wa kutembea na ng'ombe kutwa nzima, sasa akawa anaketi juu ya kichuguu na kuwatazama wakienda. Mama mkwe aliniletea habari: tumbo linamvuruga, mara linafunga, mara linafungua, na viganja vimekuwa vyeupe. Nikamwambia alete choo. Kesho yake akaja na kiberiti, na ndani yake nikakuta mayai ya minyoo ya safura, mengi, mazuri, kama ya kwenye kitabu. Safura hunyonya damu, na Mzee amepungukiwa damu. Hesabu ikatimia. Nikampa Mama dawa ya minyoo na vidonge vya kuongeza damu ampelekee mumewe, nikafurahi kwamba mara hii nimeleta nyumbani kwa mume wangu kitu cha maana.

Baada ya mwezi, kiberiti kingine, mayai yale yale. Nikarudia dawa. Mayai. Nikabadilisha dawa. Mayai. Nikailaumu bohari kwa kutuletea dawa iliyopitwa na wakati, nikamlaumu Mzee kwa kutembea pekupeku zizini, nikamnunulia viatu vya mpira ambavyo, niliambiwa, vilining'inizwa ukutani kama mapambo. Miezi minane ikapita hivyo. Mzee alikuwa anakonda na minyoo inanawiri.

Wazo la saratani lilinipitia mara moja. Nililifukuza kwa jua. Nilimwona Mzee pale juu ya kichuguu, kofia pembeni, jua linamwagika juu yake kama lilivyomwagika miaka sabini, nikasema huyu hawezi. Kama vitamini hiyo ni akiba, huyu ana ghala. Hata Daktari Jua sikumwambia kwamba baba mkwe anaumwa, nilikuwa na aibu ya kushindwa na minyoo.

Kiberiti cha mwezi huo wa nane kilikuja asubuhi ya ukungu mzito. Hadubini haikuwa na la kufanya, nami sikuwa na la kufanya, kwa hiyo nilikifungua nikakitazama kwa macho matupu, kwa kukosa kazi tu. Ndani yake palikuwa na ganda la haragwe. Jekundu, zima, limejikunja.

Kwanza nilishangaa Mzee ameanza lini. Halafu nikakumbuka ni nani aliyekula maharage mekundu jikoni kwangu juzi yake, akaomba aongezwe. Nikaketi. Minyoo ilikuwa haifi kwa sababu dawa ilikuwa inamezwa na mtu mwingine. Miezi minane nimesoma tumbo la Mama na kumtibu Mzee. Nilicheka peke yangu mle maabara, nilicheka mpaka machozi. Kisha nikatambua kwamba choo cha Mzee sijawahi kukiona hata siku moja, nikaacha kucheka.

Sikusubiri jua. Nilichukua baiskeli ya Projestus nikaenda kwenye rweya. Sijui nilipita wapi. Nakumbuka tu majani yenye umande yakinilowesha miguu na ukungu ukifunguka mbele na kujifunga nyuma yangu, na ng'ombe wa watu wakitokea na kupotea. Nilimkuta Mama mkwe kwenye kibanda cha maziwa, mle gizani alimoshinda kila siku akisukasuka kibuyu. Nikamwambia minyoo hii ni yako, Mama. Hakubisha. Aliweka kibuyu chini, akaniuliza kama ningekubali baba yangu avue nguo mbele yangu. Alisema Mzee aliapa afadhali afe kuliko mkamwana wake atazame choo chake, tena kwa chombo cha kukuza. Angefanyaje yeye? Mke hawezi kwenda hospitali mikono mitupu. Akajipa moyo kwamba wanakula nyumba moja, matumbo yao yatakuwa na ugonjwa mmoja.

Nikamuuliza kama Mzee anaona damu.

"Tangu masika ya mwaka jana," akasema. "Anakwenda mbali na jembe, anaifukia."

Sijawahi kuogopa kama nilivyoogopa pale. Sijui kama ninyi wa siku hizi mnaweza kuelewa. Yule mtu alikuwa anakufa kwa ajili ya heshima yangu, na kumwokoa kulinitaka nimvunjie heshima hiyo mchana kweupe.

Mzee alikuwa zizini, amesimama na fimbo yake. Nilikwenda nikaketi chini kwenye majani, nikampa mgongo kama desturi inavyotaka, nikamweka Mama mbele yangu. Nikamwambia Mama maneno ambayo hayakuwa ya Mama.

"Mama, mwambie Baba kwamba tumboni mwake huenda kuna kitu kinakua. Nimekipa miezi minane ya kukua, kwa sababu nilikuwa natibu minyoo yako."

Mama akarudia neno kwa neno, kwa sauti, kana kwamba mumewe yuko ng'ambo ya mto. Ng'ombe mmoja alipumua kwa nguvu. Ukungu ulikuwa umeanza kuwa mwepesi na mgongo wangu ukapata joto.

"Mwambie mke wa Projestus," Mzee akasema, "mtu hufa na heshima yake."

"Mama, mwambie Baba heshima ninayo ya kutosha. Ninachopungukiwa ni baba. Wa kwangu nilishamzika."

Mama hakurudia hayo. Alijifunika uso kwa kanga. Mimi niliondoka bila kugeuka, nikasukuma baiskeli mpaka njiani.

Kesho yake, saa tatu, alikuja hospitali kwa miguu yake, Mama akiwa nyuma. Daktari Jua alimpima mwenyewe na mlango umefungwa. Alipotoka alikuja maabara, akaosha mikono muda mrefu kwenye sinki langu, akasema amegusa uvimbe. Nikamweleza yote, viberiti na maharage, na jinsi nilivyojitegemeza kwenye jua lake. Nilitaka anigombeze. Hakunigombeza.

"Mimi nilisema labda," akasema kwa Kiswahili chake cha taratibu. "Wewe umeiondoa labda. Lakini na mimi nilikuwa nauliza watu habari za jua tu, sikuuliza habari za damu."

Projestus alimsindikiza Mwanza kwa meli ya Bukoba. Walimfanyia upasuaji, wakakata kipande cha utumbo chenye uvimbe, na upande wa kushoto wa tumbo wakamtolea mdomo wa utumbo, ili choo kiwe kinatokea hapo siku zote. Daktari wa upasuaji alimwambia Projestus kwamba ugonjwa umeshagusa ini. Akamuuliza mlikuwa wapi muda wote huu. Mume wangu aliponirudia na swali lile sikumficha kitu. Hakuninenea neno baya, ila siku mbili alikula peke yake. Miezi minane ile ni yangu, wanangu. Mama alidanganya kwa upendo na Mzee kwa aibu, lakini aliyesomea kazi hii katika nyumba nzima ni mimi.

Mzee akiwa bado Mwanza, barua ya majibu ya damu ikafika kutoka ng'ambo. Daktari Jua aliifungua mbele yangu. Kiwango cha Mzee cha vitamini D kilikuwa kizuri, katika vizuri vya orodha ile. Cha Mama mkwe, mshinda gizani na vibuyu, kilikuwa chini. Na aliyeugua ni Mzee. Daktari alikunja barua, akasema mtu mmoja hathibitishi kitu wala hapingi kitu. Ni kweli. Mpaka leo wataalamu wanabishana: wenye kiwango cha chini huonekana kupata saratani hiyo zaidi, lakini sijamwona aliyeonyesha kwa uhakika kwamba ukijijaza vitamini utaepuka. Mkiulizwa, jibuni hivyo hivyo na msiongeze chumvi. Mtu mmoja si kitu kwenye hesabu za utafiti. Ila mimi nilikuwa na baba mkwe mmoja tu.

Alirudi, akaishi mpaka masika ya pili yalipoisha. Miaka ikaenda, wakaja wakimbizi, ikaja mashine ya umeme, mkaja na ninyi. Lakini nikikaa hapa kibarazani chai yangu ikapoa, huwa nimerudi wiki zile za kwanza alipotoka Mwanza.

Mifuko maalumu aliyopewa iliisha upesi. Ikawa ni vitambaa safi na karatasi za nailoni, vimeshikiliwa kwa mkanda wa mpira wa baiskeli. Projestus alijaribu kumfunga baba yake. Alifumba macho, akafunga pasipo na tundu. Mama aliweza, lakini mikono yake ilitetemeka na kumwumiza, na ngozi ikaanza kuchubuka. Mzee akakataa kutoka nje. Alilala chumbani, dirisha limezibwa kwa ngozi ya ng'ombe, jua lote la rweya limebaki kwa ng'ombe. Halafu akaacha kula. Tulidhani ni ugonjwa. Mama ndiye aliyegundua kwamba anajinyima makusudi: asipokula hakuna kitakachotoka. Upasuaji ulimrudisha hai, na sasa aibu ilikuwa inaimaliza kazi ambayo uvimbe haukuimaliza.

Siku ya tano ya kutokula nilikuwa uani nafua vile vitambaa. Mama akatoka akasema Mzee ananiita. Nikamuuliza anakuita wewe uniambie nini. Akasema hapana, anakuita wewe.

Nilivua viatu mlangoni. Chumba kile sikuwa nimekanyaga tangu niolewe. Palikuwa na harufu ya moshi, samli na kile ambacho sote tulikwepa kukitaja. Mzee amelala chali, shuka imefunika uso wake, tumbo amelifunua mwenyewe. Nikapiga goti nikaamkia. Akaitikia marahaba kutoka chini ya shuka.

Nilifanya kama nilivyozoea kwa mgonjwa yeyote, nikimwambia kila kitu kabla ya kukifanya. Sasa nafungua mkanda, Baba. Sasa ni maji ya uvuguvugu. Sasa nakausha, patawasha kidogo. Sasa napaka dawa kwenye mchubuko. Alikuwa amekakamaa mwili mzima. Nilipofika kwenye dawa, tumbo likaanza kulegea chini ya vidole vyangu. Niliosha polepole, sikuwa na haraka yoyote, na nadhani tulikaa hivyo muda mrefu.

Akashusha shuka kutoka usoni. Akainua kichwa, akatazama tumbo lake. Kumbe tangu Mwanza hakuwahi kupatazama. Palikuwa na kitu kidogo chekundu, laini, kina unyevu kama pua ya ndama.

"Kumbe ni hivi tu," akasema.

"Ni hivi tu, Baba."

Aliendelea kukitazama. Nilifunga kitambaa kipya, nikakaza mkanda, nikamuuliza kama unambana. Akasema haumbani. Mama alikuwa mlangoni ameshika bakuli, anasubiri aambiwe. Mzee hakumgeukia.

"Mwanangu," akaniambia, "nina njaa."